Wa mwisho bado yuko njiani: barua ya wazi kwa wanangu wa mbio, baiskeli na kuogelea

Wanangu,

Habari za alfajiri zenu. Nawaandikia ninyi mnaoamka gizani mkakimbia kandokando ya bahari hapa Dar es Salaam, kutoka ufukwe wa Coco mpaka Daraja la Tanzanite. Ninyi wa baiskeli mnaoelekea Bagamoyo siku za Jumapili kabla malori hayajajaa barabarani. Na ninyi ambao sasa mnaunganisha vyote vitatu, kuogelea, baiskeli na mbio, ndani ya siku moja, mkisafiri hadi Rubavu kwenye Ziwa Kivu kutafuta shindano la kuwatosha. Nawaandikia pia wenzenu wa Arusha, Moshi na Mwanza, na wale wa Nairobi na Mombasa mnaokutana nao kwenye mistari ya kuanzia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa michezo. Nimeimbisha mchakamchaka, nimepeleka watoto UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na tangu nistaafu kazi yangu kwenu ni kukaa pale mnapomalizia, nikiwashikia chupa za maji na funguo za magari. Anayekaa pale huona mambo ambayo anayekimbia hayaoni.

Nilichokiona msimu huu kimeniumiza, ndiyo sababu ya barua hii. Kikundi kimoja, sitakitaja, kilikwenda kwenye mbio kikiwa na jezi moja, gari moja na nyimbo zake. Wa kwanza wao walipomaliza wakapiga picha na bango. Wakafika wa katikati, wakapiga tena. Kisha bango likakunjwa, watu wakaenda kunywa supu. Mama mmoja wa kikundi hichohicho aliingia muda mrefu baadaye, kavaa jezi ileile, akakuta vijana wa kazi wanabomoa geti. Alitazama huku na huku akitafuta rangi ya jezi yake. Nilimpa maji, nikamfunika kanga mabegani. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala ile ya baada yake. Nilipomuulizia niliambiwa, "Yule mama ana mambo mengi." Hana mambo mengi, wanangu. Aliona kwamba hakuna aliyegundua kuwa hajafika.

Najua hakuna aliyekusudia kumuumiza. Mngeulizwa siku ile, kila mmoja angesema kwa moyo mweupe kwamba alidhani mwenzake amebaki. Hapo ndipo shauri langu linapoanzia. Urafiki wa watu wa masafa marefu mnaupenda na mnauimba, lakini mmeuacha ujiendeshe wenyewe, kana kwamba ukitoka jasho pamoja na mtu basi yaliyobaki yatajipanga. Hayajipangi. Urafiki huu ni kazi, una zamu, na kila zamu lazima iwe na jina la mtu.

Mkivunjika moyo mnamtaja John Stephen Akhwari, na ni haki yake kutajwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, kijana huyo wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya, akainuka akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani giza likianza, zaidi ya saa moja baadaye, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, katika watu 75 walioanza. Maneno yake, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, mnayajua tangu shule ya msingi. Mimi huwafikiria zaidi watu ambao hatuwataji: waliomfunga bandeji, na wale waliokuwa bado wamekaa uwanjani wakati medali zilishatolewa na wengi wameshaondoka. Walisimama wakampigia makofi mpaka akavuka. Sidhani wengi wao waliijua Mbulu iko wapi. Uwanja ule ungekuwa mtupu kabisa, Akhwari angemaliza vilevile, naamini hivyo. Ila sisi tungeipata wapi habari yake?

Kuna shindano moja ninalotaka mlisome kuliko hayo ya Hawaii na Ulaya mnayoyafuatilia kwenye simu. Liko Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 za vilima, na linaitwa Comrades. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa garimoshi aliyeingia jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza, akaletwa huku kwetu, Afrika Mashariki ya Wajerumani, kuwafuata askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Alitembea kilomita zipatazo 2,700. Aliporudi kwao alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa kitu kinachofanana na mwendo ule. Akaomba ruhusa kwa chama cha askari waliotoka vitani, akakataliwa, akarudia kuomba, akakataliwa tena, mpaka mwaka 1921 walipokubali na kumkopesha pauni moja ya gharama. Tarehe 24 Mei mwaka huo walianza watu 34, wakamaliza 16.

Naipenda habari hiyo, lakini siwezi kuwasimulia nusu. Katika vita hivyohivyo walikuwapo wapagazi wetu, maelfu kwa maelfu, waliobeba risasi na unga wa majeshi ya pande zote mbili. Waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Hapa Dar es Salaam kambi yao ilikuwa pale Kariakoo mnapokwenda kununua raba. Mbio zile za kuwakumbuka wenzi wa vita hazikuwakumbuka wao. Na kwa zaidi ya miaka hamsini mlango wake rasmi ulikuwa wa wanaume weupe peke yao. Frances Hayward aliomba kushiriki mwaka 1923, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke, akakimbia hivyohivyo na kumaliza kwa saa 11 na dakika 35. Robert Mtshali, Mwafrika, alikimbia mwaka 1935 bila kuandikishwa rasmi, akamaliza kwa takriban saa tisa na nusu. Waafrika na wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1975. Siku hizi kuna medali yenye jina la Mtshali.

Kuhusu Bi Hayward kuna jambo ambalo limekaa moyoni mwangu. Medali hakupewa, kanuni ilikataza. Wakimbiaji wenzake na watazamaji walimzawadia seti ya chai ya fedha na bakuli la kuwekea maua. Wale wanaume waliokimbia naye barabara moja walishaona kwa macho yao alichokifanya, hawakungoja viongozi wabadilishe kanuni ndipo wamheshimu. Nawaomba mlitafakari hilo kila mnapokaa kuamua nani ni mwanachama kamili na nani ni msindikizaji. Katika vikundi vyenu wapo watu ambao wamelipa ada, wana jezi, wanakuja kila wiki, na bado hamjawahi kuwauliza wanaishi wapi.

Comrades ya leo ina kitu kinachoitwa basi. Mkimbiaji mzoefu hubeba kibendera kilichoandikwa muda anaolenga, tuseme saa 11, na yeyote anayetaka muda huo anaweza kumfuata. Huyo anaitwa dereva. Yeye ndiye anayeamua wapi wakimbie na wapi watembee, anawakumbusha kunywa maji, anaanzisha wimbo. Watu wengi wasiojuana wanafika pamoja kwa njia hiyo, wengine wakiwa hawana nguvu ya kuhesabu hata kilomita zilizobaki, wanatazama tu kibendera. Dereva ana uwezo wa kwenda kasi zaidi ya hapo. Ameamua siku yake iwe ya wengine. Na zinapotimia saa kumi na mbili kamili tangu mbio zianze, ofisa husimama ameupa mgongo mstari wa kumalizia, asione nani anakuja, akapiga bunduki. Baada ya mlio huo hakuna anayehesabiwa, hata aliyebakiwa na hatua moja. Ndiyo maana katika dakika za mwisho uwanja hushangilia kwa sauti ambayo hata mshindi wa asubuhi hakuipata, na mara nyingi utaona watu wawili wamemkamata wa tatu kwapani, wanamvuta, nao wenyewe miguu haina kitu.

Nataka mabasi katika vikundi vyetu. Nataka kila kikundi kiwe na madereva wa zamu, siku za mazoezi na siku za mashindano, na majina yao yaandikwe wiki moja kabla. Dereva akae na wa nyuma kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapa sizungumzii yule mwepesi anayekwenda mbele, akageuka, akarudi mara moja kuwasalimia wa nyuma kisha akatoweka tena. Hilo humchosha wa nyuma zaidi, maana humwonyesha jinsi alivyo mbali. Na dereva asihesabu kwamba amepoteza siku ya mazoezi. Wakimbiaji wakubwa wa Iten, Kenya, wanajulikana kwa siku zao nyepesi, siku ambazo hukimbia taratibu hadi mgeni wa kawaida akaweza kwenda nao sambamba. Kama wao wanazo siku hizo, ninyi mnazikosaje?

Lile jina mnalowaita watu wa nyuma, mnalolifanyia kicheko kwenye kundi la WhatsApp, liacheni. Anayeitwa jina hilo na kucheka pamoja nanyi, wakati mwingine ndilo linalomliza.

Mnajua wenyewe habari za Vienna. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikwenda kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waliomwongoza mwendo walikuwa 41, wakipokezana kwa mafungu, wamejipanga kumkinga upepo. Kati yao alikuwapo Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500, na Bernard Lagat, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Shirikisho la riadha la dunia halikuihesabu rekodi hiyo kwa sababu ya msaada huo, na ni sawa, kanuni ni kanuni. Mimi nilitazama mita za mwisho, walipomwachia njia aende peke yake, wao wakibaki nyuma wanaruka na kunyosha mikono juu. Watu wale wana mataji yao nyumbani. Kama bingwa wa Olimpiki anakubali kuwa kinga ya upepo ya mwenzake, ninyi wa saa mbili za nusu marathoni mnaona uzito gani kukaa na mgeni kwa kilomita tano?

Sasa ninyi wa michezo mitatu. Mchezo wenu ule mrefu unaoitwa Ironman, kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na marathoni nzima juu yake, ulianza Februari 1978 kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walianza 15, wakamaliza 12, akashinda Gordon Haller kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Siku ile hapakuwa na meza za maji barabarani kama mlizozizoea. Kila mshindani alikuja na watu wake wa kumfuata na chakula na maji. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuna aliyeumaliza mchezo huu peke yake, kulikuwa na rafiki mwenye chupa mkononi. Na mpaka leo kule Kona, mji wa Hawaii, ambako muda wa mwisho huwa karibu saa sita usiku, mabingwa waliomaliza mchana huoga, wakala, kisha wakarudi usiku kuwapokea wa mwisho. Hilo ndilo ningependa mlichukue kutoka Hawaii, kabla ya zile baiskeli.

Baiskeli zenyewe niziseme. Nimeona mmoja wenu ana baiskeli yenye thamani ya kiwanja Chanika, na mwingine anakuja na Phoenix ya baba yake, na wote wawili wanakaa kwenye kivuli kimoja bila kusemezana. Mwenye nacho asijifiche kwa alichonacho, na asiyenacho asionewe huruma ya hadharani. Wekeni pampu, tyubu na vifaa vya pancha viwe vya kikundi. Wekeni mfuko wa kulipia viingilio vya watu waliokwama, na anayeujua mfuko huo umemlipia nani awe mtu mmoja tu asiyesema hovyo. Na pancha ikitokea njiani, kikundi kizima kisimame kando, mbali na lami. Bodaboda na daladala haziwaoni ninyi kama mnavyojiona wenyewe. Mwenzenu aliyeachwa peke yake na tairi bovu pale Mapinga ana hatari kubwa kuliko aliyeko katikati ya watu kumi.

Kwenye maji ndiko ninakokaza zaidi sauti, maana barabarani ukimwacha mtu atakulaumu, baharini hatapata nafasi ya kukulaumu. Wengi wenu mmejifunza kuogelea mkiwa watu wazima. Hakuna aibu. Aibu ni kumpeleka mtu wa namna hiyo baharini siku ya bamvua, mkondo ukivuta, kisha kumwambia "nifuate." Ulizeni wavuvi habari za maji kujaa na kupwa kabla hamjapanga saa ya mazoezi. Kipindi cha kusi upepo unapochafua bahari, nendeni bwawani, hata kama mnaona ni mchezo wa watoto. Muogelee wawili wawili, mzoefu akae upande wa bahari kuu, kila mtu avute boya la rangi inayoonekana. Hesabuni vichwa mnapoingia na mnapotoka, na asiwepo wa kuondoka kabla hesabu haijatimia, hata kama amechelewa kazini. Mwajiri atasubiri.

Nizungumze na wanaume peke yao kidogo, nami ni bibi yenu, hamtanikasirikia. Mabinti zetu wanapenda kukimbia alfajiri kama ninyi, lakini giza la saa kumi na moja kwao si lile lenu. Mkiwaacha nyuma mnawaacha na kila anayepita. Basi la alfajiri lazima liwe na dereva anayejua hilo. Na urafiki wa mazoezi una mipaka yake. Maneno juu ya miili yao, mkono unaokaa kiunoni kwa kisingizio cha kurekebisha mkao, ujumbe wa usiku kutoka kwa anayejiita kocha, vyote hivyo nimevisikia kutoka kwa wao wenyewe, tena kutoka vikundi tofauti. Wengine waliacha mazoezi bila kusema kwa nini. Kikundi kinachomjua mtu wa namna hiyo na kikanyamaza kwa sababu ana kasi, hakina haki ya kujiita familia.

Tena mnahitaji kuambiana ukweli. Rafiki anapotaka kuingia kilomita 42 akiwa hajawahi kufika 20, msimpigie makofi. Mwambieni aanze na nusu. Mtu akiwa njiani, jua limewaka, akaanza kuyumba, akajibu maneno yasiyoeleweka, akakuuliza mara mbili mko wapi, huyo joto limeshamwingia. Usimwambie "kaza, bado kidogo." Msimamishe, hata akikutukana. Mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwilini, wekeni barafu kama ipo, muiteni daktari mara moja. Atawashukuru wiki ijayo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya joto haimruhusu mtu kujua kwamba yuko dhikini. Wewe uliye kando yake ndiye unayejua.

Septemba 2016, Cozumel huko Mexico, Jonathan Brownlee wa Uingereza aliongoza shindano la michezo mitatu la kufunga msimu wa dunia hadi zikabaki mita mia chache. Joto likamshinda, akaanza kupepesuka. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki wa mwezi uliotangulia, alikuwa anamfuata. Akamshika, wakaenda pamoja. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akawapita akashinda. Mstarini Alistair akamsukuma mdogo wake avuke wa pili, mwenyewe akawa wa tatu. Wakati ule kanuni ziliruhusu. Baadaye shirikisho la mchezo huo likakataza mshindani kumsukuma au kumbeba mwenzake kwenda mbele. Mwaka 2019, kwenye mbio za barabarani za Okpekpe nchini Nigeria, Mkenya Simon Cheprot alimkuta mwenzake Kenneth Kipkemoi ameanguka, akaacha mbio zake akamsaidia. Waandaaji wakamzawadia kwa tendo hilo. Na mwaka huohuo, Agosti, kwenye shindano la michezo mitatu mjini Tokyo, Waingereza wawili, Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown, wakiwa mbele ya wote, walishikana mikono wakavuka pamoja kwa makusudi. Wote wawili waliondolewa, ushindi ukaenda kwa Flora Duffy wa Bermuda.

Mmeniuliza mara nyingi nasimama wapi katika mambo haya. Mtu akiwa hatarini, mshike, na adhabu ikija ipokee bila malalamiko. Nafasi inapatikana tena. Lakini lile la Tokyo sikubaliani nalo, pamoja na kwamba nawaelewa mabinti wale. Wawili wenye nguvu zao hawana haja ya kugawana mstari. Nikikukimbiza mpaka hatua ya mwisho nimekuheshimu, nimekuonyesha kwamba naamini unaweza kunishinda. Nawaambia hili kwa sababu katika vikundi vyenu nimeona kosa la upande wa pili pia: watu wanaoogopa kumpita kiongozi wa kikundi, au mume, au mtu anayewalipia viingilio. Mpiteni. Kisha msubirini mstarini.

Na mkipitwa, msiwe wa kwanza kutafuta sababu. Nimewasikia baada ya mashindano mkisema yule ana raba za bei, yule hana watoto, yule analala mchana. Mpe mkono kwanza.

Nimebakiza neno kwa waandaaji wa mashindano, maana nao wanasoma. Meza ya maji ikifungwa kabla wa mwisho hajapita, mmemdhulumu mtu aliyelipa kiingilio sawasawa na mshindi, tena yeye ndiye aliyekaa juani muda mrefu kuliko wote. Kama muda wa mwisho ni saa sita, maji yawepo mpaka saa sita, na medali yake isiwe imeshapewa mtoto wa mfadhili. Mkishindwa kuweka watu, niulizeni. Nina wazee wenzangu, wastaafu wa kazi mbalimbali, wenye afya ya kukaa chini ya mwavuli na kujaza vikombe.

Ramadhani ikija, hamisheni angalau siku moja ya mazoezi iwe jioni karibu na kufuturu, ili waliofunga wasikae mwezi mzima nje ya kikundi. Wasiofunga waje pia, walete tende.

Linaloniuma zaidi ni majeruhi. Mtu akiwa mzima mnampigia simu saa kumi alfajiri kumwamsha. Akivunjika kifundo cha mguu anapata "pole sana" hamsini kwenye kundi la WhatsApp siku ya kwanza, na baada ya wiki tatu hapati hata moja. Mkimbiaji asiyeweza kukimbia amepoteza mazoezi, amepoteza usingizi wake mzuri, na amepoteza marafiki, vyote kwa wakati mmoja. Nendeni nyumbani kwake. Kunyweni naye chai, mleteni kwenye benchi langu siku za mazoezi, mpeni saa ya kupimia wenzake au daftari la hesabu ya vichwa. Nimewaona watu waliopona miguu lakini hawakurudi, kwa sababu walipokuwa kitandani waligundua kwamba urafiki wao ulikuwa na mguu na si na wao.

Sasa naomba kazi mbili kutoka kwenu. Kabla ya Ijumaa ijayo kila kikundi kiniletee majina ya watu waliokuwa wakija mwaka jana na sasa hawaji, pamoja na namba zao. Msiniandikie sababu, sitaki sababu zenu, nitawauliza wenyewe. Nitapiga simu nikianza na waliokaa kimya muda mrefu zaidi, na siku nitakazowatembelea nitahitaji kijana mmoja wa kikundi chao afuatane nami. Na wale walio tayari kuwa madereva waniandikie siku wanazoweza. Watu wa Jumamosi na Jumapili nimeshawapata. Ninaokosa ni wa Jumatano alfajiri, wawili, mmoja wa kuanzia Coco na mmoja wa Kigamboni.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Dar es Salaam